Imani Haina Umbo: Filamu Fupi na Mtihani wa Gerezani

Katika mambo yote ambayo kijana anayeanza kazi ya filamu anaweza kuyachagua, hakuna gumu kuliko kumwonesha mtu aliyetikisika imani yake. Mapenzi yana macho na mikono. Ugomvi una sauti. Umasikini una nguo na nyumba. Imani haina umbo. Mtu aliyeikosa aweza kuamka alfajiri kama alivyoamka jana, akavaa kanzu yake ileile, akaenda msikitini kwa njia ileile, akasimama safuni bega kwa bega na jirani zake, na kamera isione tofauti hata chembe. Vivyo hivyo mwimbaji wa kwaya aweza kushika sauti yake ya pili bila kukosea, hali moyo wake umekwisha kutoka mlangoni siku nyingi. Kilichobadilika kimo ndani, na kamera ni chombo cha nje.

Kwa sababu ya ugumu huo, filamu zinazogusa dini aghalabu hukimbilia njia mbili. Ya kwanza ni muujiza: mgonjwa ameombewa, amesimama, aliyekuwa na shaka amepiga magoti. Ya pili ni adhabu: aliyemsahau Mola wake amefilisika au ameugua, na watazamaji wamekwenda zao na funzo. Njia zote mbili zina kasoro moja, nayo ni kulijibu swali kabla halijasikika. Filamu fupi ina dakika kumi na tano, pengine ishirini. Mtu aliyeishi miaka arobaini na Mungu wake hampotezi na kumpata tena katika muda wa kuchemka birika la chai, na mtazamaji ajuaye maisha hulitambua hilo.

Kuna njia ya tatu, ambayo Dar es Salaam yenyewe iliistadi. Wimbi la filamu za video lililoinuka mjini humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, likichochewa kwa kiasi kikubwa na kanda zilizotoka Nijeria, lilizaa filamu za majini na mazimwi kama vile Nsyuka na Shumileta za mwongozaji Mussa Banzi. Wako waliozidharau kazi hizo kwa uchache wa vifaa vyake. Walakini zilikuwa na ujasiri wake: zilikipa kisichoonekana mwili. Kiumbe wa ghaibu alikuja na nywele, kucha na macho, akakaa mbele ya kamera kama mtu mwingine yeyote. Lakini hapo ndipo penye mpaka wa njia hiyo. Aliyekutana na jini uso kwa uso anaweza kuwa na hofu, ila shaka hana tena. Amekwisha kuoneshwa. Mtu wa shaka ni yule anayeomba aoneshwe na haoneshwi.

Basi kijana wa Gerezani aliye na kamera moja, kipaza sauti cha kuazima na marafiki wanne afanye nini? Yafaa aanze na lugha yake, kwani Kiswahili kimemrahisishia kazi kuliko anavyodhani.

Neno imani limetoka katika Kiarabu, katika shina lilelile lililotupa amini, amana, amani na uaminifu. Lakini lilipokaa pwani lilipata maana ambayo mwenye kulisikia tangu utotoni haitambui upekee wake. Tukisema mtu fulani hana imani, mara nyingi hatumsemi kwamba hasali. Tunamsema kwamba ni mkatili. Mama anayempiga mtoto kupita kiasi huambiwa, "Wewe mwanamke huna imani?" Aliyeguswa na shida ya mwenzake huingiwa na imani, naye humwonea imani. Na mfanyabiashara aliyedhulumiwa husema kwamba hana tena imani na mtu. Kumwamini Mungu, kumhurumia mja na kumwamini mwenzio: mambo matatu yamekaa katika chombo kimoja, na kikitikisika chombo, yote matatu humwagika pamoja.

Hili ni jambo kubwa kwa mwenye kamera. Imani ya moyoni haipigiki picha, lakini ile imani nyingine, ya mtu na mtu, inaonekana wazi katika mkono unaotoa na mkono unaorudi nyuma. Mwongozaji wa Uswidi, Ingmar Bergman, katika filamu yake Winter Light ya mwaka 1963, alimwonesha mchungaji asiyemsikia tena Mungu katika kanisa karibu tupu, wakati wa baridi, mwishowe akianza ibada mbele ya watu wasiojaza hata kiti kimoja. Utupu ule ulikuwa ndiyo picha yake ya shaka. Kijana wa Gerezani hana utupu wa namna ile wala hauhitaji. Mtu wa kwao hupotewa na Mungu katikati ya msongamano, na jirani zake hugundua kabla yeye mwenyewe hajakiri. Humwona amebadilika katika kutoa.

Tazama mahali penyewe. Gerezani imepakana na Kariakoo, mtaa uliochukua jina lake kutoka kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wa Vita Kuu ya Kwanza. Pande za Gerezani ndiko kwenye mafundi wa vyuma na wauza vipuri vya magari. Hatua chache mbele ndiyo Kariakoo ya vitambaa, vyombo, simu na nafaka, ikilizunguka soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa katikati ya miaka ya 1970, ambalo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Biashara ya huko, pamoja na mabenki na simu za kutumiana fedha, bado inaegemea jambo la kale kabisa liitwalo mali kauli. Mwenye duka hukupa bidhaa bila fedha na bila karatasi; wenda ukauze, jioni urudi na chake. Dhamana ni kauli yako. Winga, yule kijana anayesimama barabarani kuwavuta wateja, hutoka na mali isiyokuwa yake akapotea nayo katika umati wa maelfu ya watu, na mwenye mali huendelea kunywa kahawa yake. Ukitaka kujua maana ya imani bila kufungua kitabu, mtazame mtu huyo anavyokunywa kahawa.

Mathalani, basi, filamu imhusu muuza vipuri aliyefiwa. Hapana haja ya kumwonesha akimkufuru Mola wake. Atoshe kuoneshwa asubuhi ya kwanza akimpa kijana mali kauli bila kuinua kichwa, siku nyingine akizihesabu bidhaa mara mbili, siku ya tatu akidai kitambulisho, siku ya nne akisema, "Leo sitoi." Mtazamaji yeyote wa pwani atajua kilichomtoka mtu huyu, na atajua kwamba hakikuwa fedha. Akiendelea kwenda kuswali katika siku zote hizo, picha itazidi kuwa na uzito, maana itaonekana kwamba kiungo kinachokwenda msikitini na kiungo kinachotoa mali vimeachana.

Sinema ya Afrika Mashariki imewahi kupita karibu na hapa. Mwaka 1985 Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill walitoa Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya kiasi cha nusu saa hivi. Mariamu ni mgonjwa, hospitali haikumfaa, na mumewe anataka kumpeleka kwa mganga. Mke anaogopa, kwa sababu ya jambo lililompata utotoni ambalo limemkaa moyoni kama mwiba. Filamu ingeweza kuwa mahubiri ya kuwasifu waganga au ya kuwashutumu. Ilichofanya ni kumfuata mwanamke aliyepoteza uwezo wa kujikabidhi katika mikono ya mtu mwingine, hatua kwa hatua, hadi anapoupata tena. Uponyaji wake hautenganiki na kuamini kwake, na mtazamaji asiyeamini dawa za waganga aweza kuondoka na filamu ile bila kubadili rai yake na bado akawa amemwelewa Mariamu. Huo ndio ustahi ambao kazi ya namna hii inautaka.

Kazi ya pili ni ya miaka ya karibuni zaidi. Tarehe 21 Desemba 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mashariki ya Kenya, wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamewavika wenzao wa Kikristo hijabu zao. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi siku ile na akafariki dunia mwezi uliofuata. Mwaka 2017 wanafunzi wa chuo cha Hamburg Media School cha Ujerumani, wakiongozwa na Katja Benrath na wakishirikiana na wasanii wa Kenya, walitoa filamu ya dakika ishirini na mbili juu ya tukio hilo, wakaiita Watu Wote. Ilikuwa kazi ya kuhitimu masomo, na mwaka 2018 ilifika katika orodha ya mwisho ya kuwania Oscar.

Walichokifanya chipukizi wale kinastahili kuangaliwa vizuri. Hawakuanza na ushujaa. Walianza na Jua, mwanamke Mkristo aliyepotewa na mume na mtoto katika shambulio la wauaji waliojinasibisha na Uislamu, akawa hawezi tena kukaa kiti kimoja na Mwislamu bila kukunja uso. Ukiuliza ni imani gani iliyomtoka Jua, hutaweza kuzitenganisha. Ameacha kuwaamini watu, hawezi kuwaonea huruma, na Mungu anayetajwa na wote wawili amekuwa jina la kutisha. Kinachomrudishia pumzi ni kitambaa cha kichwani, kilichovuliwa kichwa kimoja kikafunikwa kingine. Kitambaa kinapigika picha. Kwa yakini mtu aweza kuuliza kwa nini kisa chetu kilisubiri wanafunzi wa Hamburg, na swali hilo ni la haki. Lakini jawabu lake halipo katika kulalamika. Lipo katika kukubali kwamba visa vya aina hiyo vimejaa majumbani mwetu, na kwamba wenye majumba hayo ndio walio karibu navyo zaidi.

Ukaribu huo una gharama zake, wala si haki kumtaka kijana aingie kazini bila kuzitaja. Mwandishi wa riwaya alikuwa na wepesi ambao mwenye kamera hana. Euphrase Kezilahabi alipoitoa Kichwamaji mwaka 1974, aliweza kumfanya Kazimoto wake amhoji Mungu na maisha hadi ukingoni mwa shimo, na zaidi ya ukingo. Walioudhika waliudhika, lakini kitabu husomwa na mtu peke yake, na shaka ya Kazimoto ilikutana na shaka ya msomaji faraghani. Filamu huchezwa na watu wenye sura, na hutazamwa na umma uliokaa pamoja. Katika miji yetu mwigizaji hubeba nafsi ya aliyemwigiza hata sokoni. Aliyecheza mwizi huitwa mwizi na watoto wa mtaa. Atakayetamka mbele ya kamera kwamba Mungu hamsikii ataulizwa na shangazi yake, na huenda akaulizwa na imamu, na huenda yeye mwenyewe usiku akajiuliza kama ulimi uliotamka maneno ya kuigiza una hesabu yake. Mwongozaji asiyemheshimu mwigizaji wake katika hilo hafai kumwongoza. Mara nyingi heshima hiyo huinufaisha na sanaa: tamko likiondolewa, mwigizaji atalazimika kuisema shaka kwa mgongo, kwa mwendo, kwa namna anavyokunja mkeka, na filamu itakuwa bora zaidi.

Tena kuna serikali. Tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, mwenye kutaka kupiga picha za filamu Tanzania Bara anahitaji kibali, na mswada wake husomwa. Kijana huweza kuliona hilo kuwa pingu tupu. Lakini akumbuke pia mahali anapofanyia kazi. Oktoba 2012, baada ya mzozo wa kidini uliozuka Mbagala na makanisa kuchomwa moto, mitaa ya Kariakoo ilishuhudia polisi na waandamanaji wakikabiliana. Mafundi na wachuuzi wa dini mbili waliokuwa wakila sahani moja mchana walirudi majumbani kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho jingine. Picha iliyotiwa uzembe katika mtaa kama huo haibaki kuwa picha. Hii haina maana kwamba swali lisiulizwe. Maana yake ni kwamba liulizwe na mtu aliyekwisha kulala nalo usiku mwingi, wala lisitupwe barabarani kwa kutafuta sifa.

Halafu kuna suala la sauti, ambalo mafundi wa filamu hulijua na watazamaji hulipuuza. Gerezani na Kariakoo hakuna ukimya. Vipaza sauti vya wachuuzi hurudia bei ileile tangu asubuhi, nyundo za mafundi hazipoi, mabasi hupiga honi, na juu ya yote adhana hutoka misikiti mbalimbali, mmoja ukianza kabla mwingine haujamaliza. Kwa mhariri hili ni balaa: adhana iliyosikika katika picha moja haiwezi kukatika ghafla katika picha inayofuata, maana mazungumzo ni yaleyale na saa ni ileile. Wengine husubiri ipite ndipo waendelee. Lakini kwa filamu ya aina hii, hapo ndipo bahati ilipo. Kwa muumini, adhana ni wito. Kwa mtu aliyetikisika, ni wito uleule unaosikika kama unaita jina la mtu mwingine. Sauti haikubadilika, aliyebadilika ni msikilizaji. Fundi wa sauti mwenye akili aweza kuyafanya hayo mawili yasikike bila neno moja la maelezo.

Tatizo ni kwamba watazamaji wetu wamezoea kuelezwa. Katika mabanda ya video, vile viitwavyo vibanda umiza kwa mabao yake yasiyo na huruma, filamu za ng'ambo zilipata msimulizi wa Kiswahili aliyezungumza juu ya sauti zake. Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alipata umaarufu mkubwa kwa kazi hiyo. Msimulizi wa aina yake hakutafsiri tu. Alionya, alitania, alimpa mhusika jina la mtaani, alijaza kila pengo. Ulikuwa ufundi, na ulikuwa wa kwetu, mtoto halali wa utambaji wa hadithi. Ila filamu ya shaka huishi katika mapengo hayo hayo. Mzee anapokaa kitako mbele ya duka lililofungwa na asiseme kitu kwa nusu dakika, mtazamaji atatamani mtu amwambie mzee anawaza nini. Asipoambiwa, atalazimika kuwaza mwenyewe, na hapo ndipo filamu inapoanza kufanya kazi yake.

Wala isidhaniwe kwamba swali lenyewe limetungwa na wasanii waliokosa la kufanya. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu wakiwa madukani. Waliokufa walikuwa zaidi ya ishirini. Uokoaji ulichukua siku kadhaa, na katika saa za mwanzo raia walichimbua kwa mikono pamoja na vikosi. Mtaani husemwa Mungu si Athumani, husemwa pia Mola hamtupi mja wake, na semi hizo zimewashika wengi wasizame. Lakini yuko aliyefika dukani dakika tano baada ya mwenzake, akapona kwa dakika tano hizo, na semi zile hazimwambii kwa nini. Mtu kama huyo hataki kuhubiriwa, na hataki kuchukuliwa kuwa kisa cha kuuzia filamu. Anahitaji mtu wa kukaa naye. Filamu fupi ikimudu kukaa naye kwa dakika ishirini bila kumkatiza, imefanya jambo ambalo jirani wengi hawakuliweza.

Kuna sadfa moja ya jina inayofaa kutajwa. Neno gereza, kwa maelezo ya wanaisimu wengi, limetokana na neno la Kireno igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Ngome za Wareno zilikuwa na makanisa ndani yake. Wenye ngome waliondoka, wafungwa wakaingia, na neno la nyumba ya ibada likawa neno la nyumba ya kifungo. Ngome Kongwe ya Unguja nayo ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, baadaye ikatumiwa kuwa gereza. Na ni ndani ya kuta hizo ambamo Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililoanza 1998, limekuwa likitandaza pazia lake kwa miaka mingi. Hivyo filamu itakayotoka Gerezani ya Dar es Salaam ikavuka bahari hadi Unguja itakuwa imetoka gereza moja na kuingia jingine, katika jina ambalo lilikuwa sala kabla halijawa kufuli. Haidhuru kama mtazamaji halijui hilo. Yatosha kwamba lugha imekwisha kuona kuwa vitu hivyo viwili vinaweza kubadilishana mahali, na kwamba mlango hufunguka pande zote mbili.

Jinsi ya kuimaliza filamu hiyo, kila mwongozaji atajua mwenyewe. Yule muuza vipuri hana haja ya kuoneshwa akilia kwa toba wala akiipa kibla kisogo. Aje kijana yule yule aliyenyimwa juzi, asimame mlangoni bila kuomba. Adhana ya magharibi ianze mahali fulani nyuma ya mabati. Mzee avute boksi chini ya meza, alisukume mbele kwa mguu, aseme, "Utaleta kesho." Basi. Kama ataifunga milango aende msikitini au atakaa palepale gizani, tusioneshwe. Watazamaji watatoka ngomeni wakibishana, mmoja akishikilia kwamba imani imemrudia, mwingine akisema kwamba ni huruma tu na huruma si dini, na ubishi huo watakwenda nao mpaka Forodhani, kwenye mishikaki na urojo, bila kutambua kwamba Kiswahili kimewapa wote wawili neno moja.